Nani Mtunzi wa Wimbo? Thom Bell na Sanaa ya Mpangaji wa Muziki

Katika miaka ya sabini, mgogoro wa mashairi ya mapokeo na mashairi huru ulipopamba moto, neno lililopigiwa mbiu kuliko mengine lilikuwa "kuimbika". Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kulifanya kuwa sharti katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), na wafuasi wake wakalishika mithili ya ngao walipokabiliana na vijana walioanza kutunga bila ya vina na mizani, hususa baada ya Kichomi cha Kezilahabi kutolewa mwaka 1974. Walakini, katika mabishano yale marefu ni nadra kumkuta mhakiki aliyeuliza swali ambalo, kwa haki, lingetangulia yote: shairi linapoimbwa huongezewa nini, na anayeongeza ni nani? Kuimbika kulichukuliwa kama sifa iliyolala ndani ya maneno, ikingoja koo la kuiamsha.

Ada hiyo haijatutoka. Hata leo mwanafunzi wa fasihi simulizi anapotakiwa kuhakiki wimbo hupewa karatasi. Atahesabu mishororo, atataja takriri na tashbihi, ataeleza dhamira, kisha atamtaja mwimbaji kana kwamba ndiye mtunzi. Makala haya yanadai kwamba utaratibu huo unatupotezea sehemu kubwa ya kazi tunayojidai kuihakiki, na kwamba katika nyimbo nyingi zilizorekodiwa maana yenyewe, wala si pambo la maana, imo mikononi mwa mtu ambaye jina lake halitajwi. Ili kulipima dai hili tumechagua mfano wa mbali, tena kwa makusudi. Nyimbo za nyumbani kila mmoja wetu anazo kumbukumbu zake nazo, na kumbukumbu ni mhakiki mwenye upendeleo.

Mfano wenyewe ni Thom Bell, Mmarekani mweusi wa mji wa Philadelphia aliyefariki Desemba 2022 akiwa na umri wa miaka 79. Bell hakuwa mwimbaji wa kujulikana. Maneno ya nyimbo zake nyingi yalitungwa na mtu mwingine. Hata hivyo msikilizaji aliyezoea santuri zake anaweza kuutambua mkono wake kabla mwimbaji hajafungua kinywa, kama vile msomaji wa Shaaban Robert anavyoitambua nathari yake kabla ya kuliona jina. Kazi yake ilikuwa na nyuso mbili ambazo yafaa zitenganishwe tangu mwanzo. Mpangaji ndiye anayeamua ni ala zipi zitakazosikika, zitaingia lini, zitapiga nini na zitanyamaza wapi. Mtayarishaji ndiye msimamizi wa kazi nzima ya kurekodi: anachagua wimbo, anachagua sauti ya kuuongoza, na ndiye anayesema "basi, imetosha" au "rudieni". Bell alizifanya kazi zote mbili, na mara nyingi aliutunga pia mahadhi wa wimbo. Kwa hiyo yalikuwa yamebaki maneno tu.

Wazazi wake walikuwa na asili ya Jamaika, naye alifundishwa piano tangu utotoni kwa kufuata muziki wa okestra za Ulaya. Mafunzo hayo hayakumpeleka kwenye kumbi za muziki huo. Yalimpeleka katika kampuni ya santuri ya Cameo-Parkway pale Philadelphia, na katika misafara ya mwimbaji Chubby Checker, ambaye Bell alimwongozea bendi. Ni katika kampuni hiyo alipokutana na vijana waliokuja kujulikana kwa jina la The Delfonics. Wimbo wao wa 1968, "La-La (Means I Love You)", ulifika nafasi ya 4 katika orodha ya nyimbo zilizovuma Marekani, na ndio uliomfungulia Bell mlango. Baadaye alifanya kazi na The Stylistics kuanzia 1971 hadi 1974, na The Spinners kuanzia 1972 hadi mwishoni mwa mwongo huo. Tuzo ya Grammy ya mtayarishaji bora ilipotolewa kwa mara ya kwanza, kwa kazi za mwaka 1974, ilimwendea yeye.

Jambo moja la utaratibu wake wa kazi linatuhusu sana sisi watu wa maandishi. Katika studio ya Sigma Sound, iliyoanzishwa na fundi Joe Tarsia mwaka 1968, kulikuwa na kundi la wapigaji ambao baadaye walijulikana kama MFSB: Earl Young kwenye ngoma, Ronnie Baker kwenye gitaa la besi, Norman Harris na Bobby Eli kwenye magitaa, Vincent Montana kwenye vibrafoni, Larry Washington kwenye konga, na safu ya fidla iliyosimamiwa na Don Renaldo. Hao hao waliwapigia pia Kenneth Gamble na Leon Huff, washirika wa Bell na wenye kampuni ya Philadelphia International. Gamble na Huff waliingia studio na wazo, wakawaachia wapigaji walijenge pamoja nao papo hapo. Bell aliingia na karatasi. Kila mpigaji alikuta sehemu yake imekwisha kuandikwa, noti kwa noti. Katika chumba kimoja, basi, zilikutana njia mbili za utunzi tuzijuazo vizuri: ya malenga atungaye uwanjani na ya mshairi atungaye mezani. Wapigaji walikuwa walewale, lakini nyimbo zilizotoka zilikuwa na sura tofauti kabisa. Hilo peke yake lingetosha kuwatia shaka wanaodhani kwamba sauti ya wimbo hutokana na wapigaji wake.

Tuanze na "La-La", kwa kuwa wimbo huo unaliweka swali letu wazi kuliko mwingine wowote. Maneno yake, ambayo Bell aliyatunga pamoja na mwimbaji William Hart, ni ya mtu anayeungama kwamba hana maneno. Wengine, anasema, wamekwisha kumwambia mpenzi wake mambo mazuri mengi ya uongo. Yeye amebakiwa na silabi isiyokuwamo katika kamusi yoyote, na anaomba silabi hiyo ipokewe kuwa tamko la mapenzi. Kwa vigezo vya karatasi huu ni utunzi mwembamba mno. Lakini mtu anapokiri kwamba maneno yamemshinda, ni nani atakayesema badala yake? Bell ameliweka jibu katika ala. Mabaragumu ya shaba, yale yenye sauti pana na laini yatumiwayo na okestra za Ulaya, yanabeba heshima na uzito ambao kijana msemaji hawezi kuudai kwa kinywa chake. Juu yake Hart anaimba kwa sauti nyembamba ya juu inayoelekea kukatika. Chini kuna fahari, juu kuna unyonge. Mpangilio unatwambia kwamba asiyejua kusema amebeba kitu kikubwa. Hakuna mshororo hata mmoja unaolisema hilo.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuyapeleka darasani maneno ya wimbo mmoja wa Bell, yakiwa yamechapwa kwenye karatasi bila ya jina la mtu. Wanafunzi waliyahukumu kwa kauli moja kuwa ni hafifu. Walipokwisha kuandika hukumu zao waliusikiliza wimbo mara mbili. Wengi walibadili mawazo, kama ilivyotarajiwa. Mmoja alikataa. Alisema maneno yalikuwa hafifu kabla na bado ni hafifu, na kwamba kilichowapendeza wenzake ni kitu kingine ambacho hakikuwamo katika karatasi. Tulijadiliana naye kwa muda, hata nikatambua kwamba yeye ndiye aliyeelewa kuliko sote, mwalimu akiwamo. Wenziwe walikuwa wakiyasifu maneno kwa kazi iliyofanywa na fidla.

Isidhaniwe kwamba twadai maneno hayana thamani. Baada ya kuachana na The Delfonics, Bell alimpata mshiriki aliyemfaa zaidi ya wote: Linda Creed, mwanamke wa Kizungu wa Philadelphia, mtunzi wa maneno aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na kidogo walipoanza. Kipaji cha Creed kilikuwa katika kuyaona mambo madogo. "You Are Everything" wa 1971 unamhusu mtu aliyemwona mwanamke barabarani akadhani ni mpenzi aliyemwacha, akamwita. Mwanamke akageuka, kumbe siye. Mambo yote ya wimbo yamo katika kitendo hicho kimoja cha kugeuka. Bell ameufungua wimbo kwa sitari ya umeme, ala ambayo ina mlio wa kuvutika na kuyumba, noti isiyosimama mahali pake. Anayeusikia mlio huo kwa mara ya kwanza hajui wimbo unahusu nini, lakini tayari amewekwa katika hali ya mtu asiyekuwa na hakika na anachokiona. Maneno yanapofika yanakuta msikilizaji amekwisha kuandaliwa. Washairi wetu wa utenzi wanaijua kazi hiyo. Ndiyo kazi ya dibaji.

Wimbo "You Make Me Feel Brand New", uliomo katika albamu ya 1973 na kuvuma mwaka uliofuata hadi nafasi ya 2 Marekani na Uingereza pia, una hila ya kupendeza zaidi. Maneno ni shukrani ya mtu mmoja kwa mpenzi wake. Bell ameyagawa kwa watu wawili. Airrion Love anaanza kwa sauti nzito, ya kiasi, ya mwanamume atoaye shahada. Kisha, shukrani inapozidi kipimo chake, Russell Thompkins anaipokea kwa sauti yake nyembamba ya juu. Kwenye karatasi kuna msemaji mmoja tu, "mimi" mmoja. Masikioni tunamsikia mtu yuleyule akivuka kutoka nafsi yake ya hadharani hadi nafsi yake ya faragha. Mhakiki anayesoma maneno tu atasema nafsi neni haibadiliki. Atakuwa amekosea, na kosa lake halitagunduliwa na mtahini yeyote, kwa sababu naye anayo karatasi ileile.

Ama kuhusu The Spinners, hapa ndipo tunapomwona Bell katika ukomavu wake, na kwa maoni yangu kazi hizi ndizo zitakazodumu zaidi. Kundi lilikuwa limekaa miaka mingi katika kampuni ya Motown likitendewa kama mtoto wa kambo, licha ya kufanikiwa mwaka 1970 kwa wimbo uliotayarishwa na Stevie Wonder. Lilipohamia kampuni ya Atlantic, Bell ndiye aliyelichagua. Wimbo wao "I'll Be Around" wa 1972 uliwekwa upande wa pili wa santuri, upande wa nyimbo za kujazia; watangazaji wa redio wakaigeuza santuri, na wimbo ukafika nafasi ya 3. Msemaji wake ameachwa. Mpenzi amekwenda kwa mwingine, naye anaahidi kwamba atakuwapo siku akihitajiwa. Mpangaji wa kawaida angeuomboleza wimbo huu. Bell amempa Norman Harris mlio mfupi wa gitaa, mwepesi, wenye kutembea, ambao unarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho takribani bila kubadilika, konga zikiusindikiza. Fidla zinakuja na kuondoka, sauti za waitikiaji zinakuja na kuondoka, gitaa lipo. Ahadi ambayo maneno yanaitoa, gitaa linaitimiza mbele ya masikio yetu. Sijui kama kuna mfano bora zaidi wa takriri yenye maana, nasi tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba takriri ni ya "kusisitiza", tukaishia hapo.

Katika "Mighty Love" wa 1974 anafanya kinyume. Bell huyu mwenye karatasi, mwenye noti za kila mtu, anafika mahali akaacha kuandika. Ala zinashika mzunguko mmoja na kuubakiza, na mwimbaji Philippé Wynne anaachiwa uwanja atunge papo kwa papo: anacheka, anahubiri, anakatiza neno na kulirudia kwa namna nyingine. Wynne, aliyefariki mwaka 1984 baada ya kuanguka jukwaani, alikuwa na kipawa cha malenga wa ngongera, cha kuliviringa neno moja hata likazaa kumi. Lakini ni lazima mtu alitengeneze tupu hilo, aamue upana wake, na aamue kwamba haliji mwanzoni bali baada ya wimbo kujengwa kwa nidhamu. Pasipo nidhamu ile uhuru huu usingesikika kuwa uhuru.

Ushahidi mwingine hautokani na nyimbo zake mwenyewe. "Back Stabbers" wa kundi la The O'Jays, uliotoka 1972, ulitungwa na Huff pamoja na Gene McFadden na John Whitehead. Bell aliupanga tu. Ni wimbo wa fitina: rafiki anayecheka nawe huku akikuchimba. Kabla ya neno la kwanza piano inanguruma chini, kwenye noti nzito, kama kitu kinachosogea gizani, na fidla zinapanda juu yake kwa wasiwasi. Msikilizaji anageuka kutazama nyuma. Maneno yanapomwonya ajihadhari, yanamthibitishia tu kile ambacho mgongo wake umekwisha kukihisi.

Mtu anaweza kusema kwamba haya yote ni tafsiri ya mhakiki, na kwamba sauti nzuri ingevuma chini ya mpangaji yeyote. Kwa bahati historia imetufanyia jaribio. Mwaka 1974 Bell aliachana na The Stylistics. Waimbaji walikuwa walewale, sauti ya Thompkins ilikuwa ileile, na mahali pa Bell pakachukuliwa na Van McCoy kama mpangaji, mtu hodari ambaye mwaka uliofuata alitikisa dunia kwa "The Hustle". Nyimbo zilizofuata ni changamfu, zenye matarumbeta mengi na mwendo wa kucheza. Ule mpaka kati ya unyonge wa sauti na fahari ya ala umefutika. Ala zinashangilia pamoja na mwimbaji, na kwa hivyo hakuna anayemsikitikia. Nchini Marekani nyota ya kundi ilififia.

Hata hivyo uaminifu unatulazimu kutaja upande wa pili. Huko Uingereza kundi hilo hilo, likiwa mikononi mwa McCoy, lilipanda juu kuliko lilivyowahi kupanda na Bell: "Can't Give You Anything (But My Love)" ulishika nafasi ya kwanza mwaka 1975. Ikiwa tutazitumia orodha za mauzo kuthibitisha ubora wa Bell kwao, hatuna budi kuzikubali zinapompinga ng'ambo. Mimi nazichukulia orodha hizo kuwa ushahidi wa jambo moja tu, nalo ni kwamba kubadili mpangaji kulibadili wimbo kiasi cha kubadili wasikilizaji wake. Hilo ndilo dai letu. Kwamba nyimbo za awali ni bora ni hukumu yangu, nami niko tayari kuulizwa.

Shutuma nzito zaidi dhidi ya Bell ni ya kisiasa. Philadelphia ya miaka ile ilikuwa mji wa mikwaruzano kati ya polisi na watu weusi. Gamble na Huff walizitumia nyimbo zao kuhubiri umoja na ujirani mwema. Na huyu bwana alikuwa akiandika fidla kwa ajili ya mapenzi. Shutuma ya namna hiyo tumeisikia pia kwetu, wakati mashairi ya mapenzi yalipoonekana kuwa anasa mbele ya kazi ya kujenga taifa. Si shutuma ya kupuuzwa. Kuna nyimbo za Bell ambazo utamu wake unakinaisha kama halua iliyozidi samli. Baadhi ya kazi za The Stylistics zaweza kusikilizwa mbili mfululizo, si nne. Lakini "People Make the World Go Round", uliomo katika albamu yao ya 1971, unazungumzia mgomo wa wazoa taka, wenye mabasi na wenye mali wa Wall Street, na mapigo yake hayaendi kwa mizani sawa: hatua inarefuka, inafupika, marimba zikigonga pembeni. Dunia inayosemwa kuwa inazunguka inazunguka kwa kuchechemea. Maneno yanaonekana kusalimu amri mbele ya hali. Mwendo wa wimbo hausalimu. Nao "Ghetto Child" wa The Spinners, wa 1973, unamsimulia mtoto aliyezaliwa katika mtaa wa kudharauliwa kwa sauti za waongozaji zaidi ya mmoja, hata mtoto yule akawa si mtu mmoja bali mtaa mzima. Siasa ya Bell imo katika upangaji. Anayeitafuta katika maneno peke yake ataikosa, kisha amlaumu mwenye kazi kwa kukosa alichokikosa yeye.

Hapa yafaa turudi Pwani kwa kitambo. Mapokeo ya taarab hayakuwahi kuchanganya kazi hizi kama sisi wahakiki tunavyozichanganya. Tangu zamani imefahamika kwamba mwenye shairi ni mmoja, mwenye kulitilia sauti huenda akawa mwingine, na mwimbaji akawa wa tatu. Katika vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanza 1905, safu ya fidla, kanuni, udi na akordioni hupiga dibaji ndefu ambayo wasikilizaji huisubiri kwa hamu, na ambayo huuweka moyo mahali shairi linapouhitaji. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri alikwenda na wapigaji wake, sababu walijua kwamba santuri haitakuwa ya sauti yake pekee. Lakini tazama jinsi tunavyozihifadhi nyimbo za taarab katika tasnifu zetu: maneno, tafsiri ya maneno, maelezo ya mafumbo. Mtilia sauti anapata tanbihi akiwa na bahati. Tuna diwani za washairi. Hatuna hata orodha fupi ya kuaminika ya waliozitia sauti nyimbo ambazo kila harusi inaziimba.

Miaka ya mwisho ya Bell haihitaji maneno mengi. Katika 1974 alikuwa amewakutanisha The Spinners na Dionne Warwick katika "Then Came You", wimbo uliowapa wote wawili nafasi yao ya kwanza ya juu kabisa katika orodha kuu ya Marekani. Mwaka 1976 ukaja "The Rubberband Man", wa mzaha na mbio. Kisha zama za disko zilikuja na ngoma iliyotaka kila kitu kiifuate, na mtu wa vituo na vinyamazo hakuwa na nafasi kubwa humo. Bado alikuwa na sikio. Mwaka 1977 alirekodi nyimbo na Elton John, na mwimbaji huyo amesimulia kwamba ni Bell aliyemfundisha kuvuta pumzi na kuitumia sauti yake ya chini, yeye ambaye alikwisha kuwa tajiri kwa sauti ya juu. Moja ya nyimbo hizo, "Mama Can't Buy You Love", ilivuma miaka miwili baadaye. Mwaka 1982 aliufufua wimbo wa zamani kwa sauti ya Deniece Williams, na 1990 akafika kileleni kwa mara nyingine na James Ingram. Linda Creed alikuwa amefariki mwaka 1986 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 37. Mwaka huohuo Phyllis Hyman alitoa "Old Friend", wimbo wa Bell na Creed kuhusu mtu anayerudi baada ya kutengana kwa muda mrefu. Hauna mbwembwe yoyote. Ala zimepunguzwa hadi zikabaki za kumshika mkono mwimbaji tu, nami naona kwamba hapo Bell aliandika kwa kufuta.

Wasomaji wa rika langu, waliokuwa shuleni katika miaka ya tisini, walimsikia Bell bila kujua. Mwaka 1996 kundi la The Fugees lilitoa "Ready or Not", ambao kiitikio chake kimetokana na wimbo wa The Delfonics wa 1968 uliotungwa na Bell na William Hart. Katika asili msemaji ni mpenzi anayeapa kwamba mwenziwe hatafaulu kujificha, naye anaimba kama mtoto katika mchezo wa kibe, ala zikimchangamkia. The Fugees walichukua maneno ya kiitikio na mahadhi yake, wakaviweka juu ya sauti nyeusi, za polepole, zilizotolewa katika kazi ya mwanamke wa Ailandi, Enya. Maneno hayakubadilika sana. Lakini jina la kundi lenyewe limefupishwa kutokana na neno lenye maana ya wakimbizi, na kiitikio kilekile, kikitoka katika kinywa cha Lauryn Hill, ni cha mtu anayewindwa au anayewinda. Sisi tuliokikariri shuleni tulikiimba kama kitisho, wala hatukujua kwamba hapo kwanza kilikuwa ni mchezo.